Kumlilia Baba: jinsi ya kuomba wakati wa mateso bila kuficha maumivu

Mwongozo huu ni wa mtu aliyelemewa: mgonjwa aliyelala wodini wiki ya tatu, mjane ambaye matanga yameanuliwa na watu wamerudi makwao, mkulima wa Chamwino au Bahi, mkoani Dodoma, ambaye mtama wake umekaukia shambani. Ni wa Mkristo aliyezoea kusali "Baba yetu" kila siku, na sasa neno lile la kwanza linamkwama kooni. Ni wa wanaomtembelea pia, maana makosa mengi hufanywa na wao.

Katika Biblia, anayemtumaini Mungu kama baba si yule asiyelalamika. Ni yule anayempelekea Mungu mwenyewe malalamiko yake, uso kwa uso. Karibu theluthi ya Zaburi zote 150 ni vilio vya namna hiyo. Yesu kule Gethsemane alianza kwa kumwita Baba, akasema wazi kwamba anataka kikombe kiondolewe, ndipo akamalizia, "walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe" (Marko 14:36). Wengi wetu huirukia sehemu ya mwisho, tukadhani hiyo ndiyo imani peke yake. Yeye aliirudia sala ile mara tatu usiku uleule, kwa maneno yaleyale.

Mwili kwanza

Eliya alipokata tamaa hata akaomba afe (1 Wafalme 19), Mungu hakumhubiria. Alimpa usingizi, kisha mkate na maji, kisha usingizi tena, kisha chakula tena. Mazungumzo yalikuja baadaye sana, mlimani Horebu. Fuata utaratibu huo. Kabla ya kufungua Zaburi yoyote jiulize: nimekula nini leo? Nimelala saa ngapi? Nimemeza dawa?

Hapa ndipo mambo huharibika mapema kuliko popote. Mtu anaumwa, anashauriwa afunge siku tatu "kavu", yaani bila chakula wala maji, na siku ya pili anazimia. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito, anayenyonyesha, aliye kwenye dozi ya kifua kikuu au ARV asifunge bila kuongea na daktari. Akitaka kujinyima kitu, ajinyime simu au maneno mengi. Dozi ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi sita, na ukiikatisha njiani vijidudu vilivyobaki hujenga usugu, ugonjwa unarudi ukiwa mgumu kuliko mwanzo. Kwa hiyo mwombezi akikuambia uache vidonge ili uonyeshe imani, kataa, hata kama ana jina kubwa mjini. Vivyo hivyo anayetaka uuze mbuzi upeleke sadaka ya "mbegu" ili Mungu asikie. Baba anayesubiri kulipwa ndipo amsikilize mwanawe si yule anayesemwa katika Mathayo 7, ambapo mtoto anaomba mkate na hapewi jiwe.

Kama umepitisha wiki mbili hulali, huli, huna hamu na chochote, nenda hospitali ueleze hivyo hivyo. Ukipata mawazo ya kujiua, usisubiri wiki mbili: mwambie mtu mmoja leo, asikuache peke yako, mwende. Dodoma ina Mirembe, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Utani wa mtaani umeliharibu jina hilo bure; watu hutibiwa pale na kurudi kazini.

Vinavyohitajika

Biblia, daftari dogo, kalamu, na dakika ishirini. Maneno tunayonukuu ni ya tafsiri ya Biblia ya Union Version, kwa kuwa ndiyo wengi wameyakariri. Asiyeona vizuri au asiyejua kusoma asomewe, au asikilize Biblia ya sauti kwenye simu. Wakati mzuri ni alfajiri, kabla ya kwenda kuchota maji na kabla ya kuwasha simu. Usiku wa manane maumivu hukuzwa na giza, na mtu anaweza kuandika mambo ambayo asubuhi yatamtisha. Ukiamka usiku, soma tu, usiandike.

Lipe teso jina

Wazee wa Ugogo, nchi ya Wagogo wa Dodoma, hawakusema tu "kulikuwa na njaa". Waliipa jina. Ile iliyoipiga nchi mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza inaitwa Mtunya mpaka leo, na anayeitaja anajua anataja nini. Fanya hivyo na lako. Andika sentensi moja, isiyo na mahubiri ndani yake. Si "napitia kwenye bonde", bali "figo zangu zimeharibika na fedha ya matibabu imeisha". Si "adui anashambulia ndoa", bali "mume wangu ameondoka Juni na hapokei simu".

Inaonekana ndogo, lakini sentensi hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu lugha yetu ya kanisani ina maneno mengi ya kufunikia. Ukiona umeandika "changamoto", futa, uandike kitu chenyewe.

Chagua Zaburi inayofanana na hali yako

Kwa ugonjwa, anza na ya 6, ya 38 au ya 41. Kwa usaliti wa mtu wa karibu, ya 55. Kwa aliyeachwa na watu wake, ya 27, yenye mstari wa 10: "Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali BWANA atanikaribisha kwake." Kwa uzee na nguvu zinazopungua, ya 71. Kama unajua kwamba mateso yametokana na kosa lako mwenyewe, ya 32, ya 51 au ya 130. Usiichukue ya 44, maana humo watu wanadai hawana hatia. Kwa giza lisilo na mwanga wowote, ya 88. Asiyejua pa kuanzia achukue ya 13, ina mistari sita tu.

Ya 109 ina laana nzito juu ya maadui. Isome ukiwa na mchungaji au katekista, hasa kama kuna ndugu unayemshuku. Hapo kuna mtego unaojulikana sana kwetu: uchungu unatafuta mtu wa kubebeshwa, nabii au mganga anataja shangazi au jirani, na ukoo unavunjika juu ya mgonjwa ambaye bado anaumwa. Zaburi humpeleka adui kwa Mungu zikamwacha huko. Hazikutumi kwenda kumtafuta.

Andika kilio chako mwenyewe

Siku tatu za kwanza usiandike. Soma Zaburi uliyoichagua kwa sauti, mara mbili, polepole, basi. Wodini unaweza kunong'ona. Siku ya nne anza kuandika ukifuata njia ya Zaburi ya 13: unamwita Mungu, unalalamika, unaomba, unashika jambo moja la kumtumainia, unaahidi kumsifu. Mistari kumi inatosha. Mkulima anaweza kuandika hivi:

"Baba, ni mimi. Ekari mbili za uwele zimekauka zikiwa magotini. Mbegu nilikopa. Hata lini? Watoto wananitazama, sina la kuwajibu. Mbona umenyamaza? Tupe chakula cha kutufikisha Mei. Nipe maneno ya kumwambia aliyenikopesha, asinidhalilishe mbele ya watu. Mwaka ule mama alipolazwa ulitupitisha. Nimeshika hapo, japo mbele sioni. Ukitupitisha tena, nitalisema mbele ya ushirika."

Angalia kilichofanyika. Malalamiko yana ekari na deni, hayaelei hewani. "Mbona umenyamaza?" imeelekezwa kwa Mungu, haikusemwa kilabuni wala kwa majirani juu ya Mungu. Ombi lina kipimo, chakula mpaka Mei, hivyo itajulikana kama limejibiwa. Tumaini limefungwa kwenye tukio moja lililotokea kweli. Mtu akiandika "najua wewe ni mwema siku zote" na moyo haumo, afute atafute tukio, hata dogo. Akikosa la kwake, achukue la Biblia. Na ahadi mwishoni ni ya kusema tu mbele za watu. Usiweke nadhiri ya ng'ombe au ya fedha ukiwa katika dhiki. Mhubiri 5 yasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, na deni la nadhiri huja kuwa teso la pili.

Kosa la kawaida ni kukimbilia shukrani. Katika Zaburi ya 13 mistari miwili ni malalamiko, miwili ni ombi, ndipo "nami nimezitumainia fadhili zako" inakuja. Ukiona malalamiko yako yana mstari mmoja na sifa mistari tisa, rudi nyuma. Kosa la pili linakaribiana nalo: kujilazimisha kufika kwenye sifa siku ambayo huwezi. Zaburi ya 88 ina mistari kumi na minane na inaishia gizani, wala hakuna aliyeiondoa kwenye Biblia. Siku kama hiyo ishia kwenye ombi, andika tarehe, funga daftari. Sala iliyoishia kwenye ombi ni sala kamili.

Siku ya saba msomee mtu mmoja ulichoandika. Awe anayejua kutunza siri, na mwombe kabla hujaanza: "Usinishauri, nisikilize tu." Wiki inayofuata unaweza kuendelea na Zaburi ileile, hakuna zawadi kwa aliyemaliza nyingi.

Neno "Baba" lenyewe linapouma

Kuna wanaoumizwa na neno hilo kuliko wanavyofarijiwa nalo. Baba yao alikuwa mlevi, au alipiga, au alikwenda machimboni akaoa huko. Hata kwenye nyumba njema, watoto wengi walizoea kupeleka shida kwa mama ili mama amfikishie mzee akiwa ametulia. Mtu huyo akikua huomba kwa Mungu vivyo hivyo: anatafuta nabii wa kumsemea, maana kwenda mwenyewe anaona ni kukosa adabu.

Usimlazimishe kuanza na "Baba". Kwa wiki tatu au nne aombe kwa majina mengine ya Mungu: Mchungaji (Zaburi 23), Mwamba (Zaburi 18), au ile sura ya mama katika Isaya 66:13, "Kama mtu ambaye mama yake amfariji, ndivyo nitakavyowafariji ninyi." Kisha agawe ukurasa wa daftari katikati kwa mstari. Kushoto aandike baba yake alikuwaje, bila kumpamba wala kumtukana. Kulia aandike Yesu aliwafanyia nini wanaoteseka, kwa sababu yeye alisema, "Aliyeniona mimi amemwona Baba" (Yohana 14:9). Alimsubiri mwanamke mwenye kutoka damu aseme habari zake zote, huku Yairo akiwa na haraka ya binti yake. Alilia kaburini kwa Lazaro. Alimsikiliza baba aliyesema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (Marko 9:24), akamponya mtoto bila kudai imani iliyo safi zaidi. Upande wa kulia ukijaa, "Baba" humrudia mtu polepole. Wengine huchukua mwaka.

Je, Mungu ananichapa?

Swali hili haliepukiki, kwa kuwa Waebrania 12 inasema Bwana humrudi yeye ampendaye. Sura ile iliandikiwa watu waliokuwa wakiteswa kwa ajili ya imani, kuwatia moyo wasiiache. Haimpi mtu kibali cha kuutazama ugonjwa wa jirani na kutangaza kosa lililouleta. Wanafunzi walijaribu hivyo kwa mtu aliyezaliwa kipofu, na Yesu akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake" (Yohana 9:3). Kama kuna dhambi unayoijua, itubu leo, mambo yaishe. Usichimbe miaka yote ya ujana wako kutafuta sababu ya kansa.

Jambo moja hatulilegezi. Mwanamke anayepigwa nyumbani asiambiwe avumilie kwa kuwa Baba anamfundisha. Mtoto anayeumizwa na mtu mzima, kadhalika. Hilo ni kosa la jinai. Kituo cha polisi kiulizwe Dawati la Jinsia na Watoto, na kwa mtoto namba 116 hupigwa bure. Zaburi 68:5 inamwita Mungu "Baba wa yatima". Anayemficha mpigaji kwa jina la Mungu huyo anamsingizia.

Kwa wanaotembelea

Rafiki za Ayubu walifanya vizuri kwa siku saba, walipoketi naye chini wakiwa kimya. Waliharibu walipofungua vinywa. Mwishoni Mungu aliwaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena, Ayubu yuleyule aliyekuwa amelalamika kwa ukali sura baada ya sura.

Wodini kaeni dakika kumi na tano hadi ishirini, watu wawili au watatu, si kwaya nzima. Nyumbani nusu saa. Beba kitu kinachotumika: unga, sukari, sabuni, ndoo ya lita ishirini ya maji iliyojaa kama bomba la mtaa halitoi. Uliza, "Leo umeamkaje?" badala ya "Unaendeleaje na imani?" Soma Zaburi moja fupi, omba kwa sentensi tatu nne, ondoka. Maombi ya dakika arobaini juu ya mtu mwenye homa ni mzigo, hata kama yana upako.

Maneno ya kuacha ni haya: "kazi ya Mungu haina makosa", "wengine wana shida kuliko wewe", "Mungu alimpenda zaidi". Hata "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa" ni la kuachwa. Ni Maandiko, lakini kumbuka nani aliyasema. Aliyasema Ayubu mwenyewe, aliyefiwa. Mgeni hana haki ya kuyatanguliza. Kinachofaa ni "pole", kukaa, na kutaja jina la marehemu. Warumi 12:15 haitudai maelezo, inasema "lieni pamoja nao waliao."

Panga ratiba ya baada ya msiba. Siku tatu za mwanzo nyumba imejaa, kuni zipo, sufuria ziko jikoni. Wiki ya tatu hakuna mtu. Mzee wa mtaa au kiongozi wa jumuiya aandike majina manne: mmoja aende wiki ya tatu, mwingine ya sita, mwingine mwezi wa tatu, wa mwisho siku ya mwaka. Bila majina kwenye karatasi, kila mtu atadhani mwenzake amekwenda.

Mwaka wa ukame

Dodoma hupata mvua msimu mmoja tu, tangu Desemba hivi hadi Aprili, kama milimita 550 hadi 600 mwaka wa kawaida, na mara nyingi Februari hukatika kwa majuma kadhaa. Kwa hiyo ushirika wote unaweza kuwa katika teso moja kwa wakati mmoja. Kilio cha pamoja kipo: Habakuki 3:17, ambapo mizabibu haina matunda, mashamba hayatoi chakula na zizi halina kundi. Kwa watu wa Hombolo na Mpunguzi, wanaolima zabibu, mstari wa mizabibu hauhitaji mfano.

Mruhusu kila mmoja ataje chake kwa mtindo huohuo: "Mtama umekauka. Alizeti haikutoa vichwa. Ng'ombe watatu wamekufa." Asiharakishwe mtu. "Walakini nitamfurahia BWANA" ya mstari wa 18 isemwe mwishoni na watu wenyewe, si na mgeni aliyekuja na gari lenye tangi limejaa. Habakuki alifika hapo akitokea sura ya kwanza, ambako aliuliza, "Ee BWANA, nilie hata lini, wewe usitake kusikia?" Someni sura zote tatu, ni fupi. Na kabla watu hawajatawanyika, orodhesheni kaya ambazo hazitafika mwezi ujao, mkubaliane debe ngapi zitatoka wapi.

Watoto

Mtoto aliyefiwa husikia kila neno kama lilivyo. Ukimwambia "Mungu alimhitaji mama yako", atauliza, hata asipouliza kwa sauti, kwa nini Mungu hakuona kwamba na yeye anamhitaji. Ukimwambia "amelala", ataogopa kulala. Mwambie, "Mama amekufa. Mwili wake haufanyi kazi tena, hatarudi nyumbani. Hukufanya kosa lolote lililosababisha. Mungu anajua unamlilia, na unaweza kumwambia Mungu kwamba umekasirika." Kisha mwambie nani atampikia kesho, nani atampeleka shule, na atalala chumba gani. Mtoto wa miaka sita atarudia maswali yaleyale jioni nyingi. Mjibu kwa maneno yaleyale, bila kumkaripia. Akitaka kuomba, mwache aombe mwenyewe, hata kama sala yake yote ni "Baba, mrudishe mama." Usimsahihishe. Sema amina naye, na umshike mkono mpaka alale.